Tope la Siku Zisizo na Mvua

Moshi,
Jumapili mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimeketi mezani, siyo kitandani kama ninavyoandika siku nyingine, kwa sababu ninayotaka kukueleza leo yananitaka niketi vizuri. Mwilini sijambo. Sina homa, nakula kidogo, na usiku nafumba macho hata kama usingizi hauji. Nyinyi je? Mguu wa Mama umepungua kuvimba? Dada Agnesi aliniandikia wakati wa Krismasi kwamba Mama bado anakwenda mwenyewe kisimani na kusimama foleni ya maji tangu alfajiri. Mwambie namwomba, siyo namwagiza, namwomba amwachie Dada kazi hiyo. Na mahindi? Mvua zimekaa vizuri, au zimewachezea tena kama mwaka jana?

Najua umekiona kimya changu. Karibu mwezi mzima bila barua, kutoka kwa mtoto uliyemfundisha mwenyewe kuandika barua. Sikuwa mgonjwa na sikuwasahau. Niliogopa, na hata sasa naogopa. Kwa kifupi ni hivi: kuna mzee mmoja wa huku anakaribia kufukuzwa kazi kwa kosa nililolifanya mimi. Hakuna anayejua isipokuwa mimi, na sasa wewe. Kikao chake ni kesho saa nne asubuhi.

Siku moja uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu "karani wa kompyuta" nikaishia hapo. Leo lazima nieleze vizuri, la sivyo hutaelewa nilivyokosea.

Chini ya mlima, huko tambarare, kuna bwawa. Ofisini tunaliita Bwawa tu. Linalishwa na mto unaoshuka kutoka Uru, na watu wa tambarare wanamwagilia kwalo mpunga, mahindi na vitunguu. Ugonjwa wake ni tope. Mto unateremka na udongo wa mlimani, ukifika kwenye maji yaliyotulia unautua. Mchanga mzito unaanguka pale pale mto unapoingilia, tope laini linasafiri polepole mpaka ukutani. Mwaka hadi mwaka ni hivyo. Kuna nguzo ya zege yenye alama za kupimia kina. Wazee wa ofisi wanasema zamani ilikuwa ndefu kama mnazi. Siku hizi maji yakipungua unaona tope limeishika shingoni.

Mashine ya kuchimba tope majini ni ghali, haizungumzwi hata vikaoni. Njia iliyobaki ni kufungua milango ya chini ya ukuta ili mto wenyewe uoshe. Lakini ukifungua bwawa likiwa limejaa, unasafisha kishimo tu mbele ya mlango, na maji ya watu yanakwenda bure. Lazima kwanza uyashushe maji mpaka bwawa ligeuke kuwa mto tena, na mto ujikatie njia katikati ya tope. Ufungue lini? Kwa siku ngapi? Milango iwe wazi kiasi gani? Bwawa ni moja tu, huna la kujaribia.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Bosi wangu, Mhandisi Kileo, ametengeneza ndani yake bwawa la namba. Alinieleza siku ya kwanza tukiwa peku (chumba cha kompyuta hatuingii na viatu, Baba, kama msikitini): "Edmundi, humu nafungua milango mara mia kabla ya kuifungua mara moja kule kwa mkono." Amelikata bwawa vipande kama mkate. Mimi nilivyoelewa, ni kama ungewapanga wanafunzi wa darasa zima mstari mmoja kutoka mtoni mpaka ukutani, kila mmoja na ndoo yake. Wa kwanza anapokea maji ya mto pamoja na tope, sehemu anaibakiza miguuni pake, nyingine anampa jirani, na jirani naye hivyo hivyo mpaka mlangoni. Kompyuta inamuuliza kila mmoja: umepokea kiasi gani, umebakiza kiasi gani, umepitisha kiasi gani? Ikimaliza mstari inarudia kwa saa inayofuata, na inayofuata, miaka mizima. Haichoki. Kinachoizuia ni mgao wa umeme peke yake.

Lakini kompyuta haiujui mto. Inajua tu kile anachoambiwa yule mwanafunzi wa kwanza. Na anayemwambia ni mimi.

Juu Uru, kwenye daraja la mbao, yuko msoma kipimo wetu, Mzee Aloisi. Kwa miaka mingi, kila asubuhi, anasoma maji yamefika alama gani kwenye ubao uliosimikwa mtoni, anachota chupa moja ya maji, anaandika kwenye daftari la shule. Chupa zinateremshwa mjini, maji yanakaushwa, tope linalobaki linapimwa kwenye mizani ndogo, na uzito wake unaandikwa mbele ya tarehe kwenye daftari lile lile. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha madaftari hayo yote kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa.

Unanijua, Baba. Tangu darasa la nne nilikuwa nakusaidia kusahihisha madaftari ya wenzangu, na niliipenda ile kalamu nyekundu kuliko mpira. Nilipofika kurasa za mwisho wa kiangazi nikaona kitu hakikai sawa. Kila mwaka, wiki chache kabla ya masika, kulikuwa na siku ambazo maji yalikuwa chini kabisa, kipimo cha mvua cha misheni ya huko juu kinaonyesha sifuri, na bado tope la chupa ni zito kama la siku ya mafuriko. Siku moja, mbili, kisha maji safi, kisha tena. Nikajiuliza, tope la wapi bila mvua? Kwetu mto ukiwa na tope maana yake imenyesha huko juu, na kama haijanyesha, hata mto wenyewe haupo. Mimi sijawahi kuishi karibu na mto unaotiririka kiangazi kizima. Nikaamua kwamba mzee amechanganya chupa. Nilishawasikia ofisini wakimtania kwamba anapenda mbege, pombe yao ya ndizi, na utani ule ukanirahisishia kuamua.

Ningeweza kuuliza. Lakini ofisi ilikuwa imeanza kunong'ona habari za kupunguza watu, na mimi ndiye niliyeajiriwa mwisho. Sikutaka kuonekana sijui kazi. Nikazichukua namba zile nzito nikazihamishia kwenye siku za mvua za karibu, ambako niliona ndiko kwao. Siku zile kavu nikazijazia namba zinazofanana na za jirani zake. Sikuweka alama yoyote. Nilifanya hivyo kwa miaka yote iliyomo kwenye madaftari, kwa uangalifu, na rula mkononi nisiruke mstari.

Mhandisi alipotoa mchoro wa kwanza kwenye printa aliwaita watu. "Njooni muone. Mvua ikipanda tope linapanda, mvua ikishuka tope linashuka. Data safi namna hii sikuwahi kuipata hata chuoni." Akanipiga bega mbele ya wote. Siku ile nilitembea kutoka ofisini mpaka Majengo ninakopanga bila kuhisi mguu ukigusa chini. Ndiyo siku niliyowaandikia ile barua ndefu ya furaha, kama unaikumbuka.

Basi kompyuta ikajibu kwa kadiri ilivyolishwa. Ikasema wiki za mwisho za kiangazi mto hauna tope, na maji yasiyo na tope yana nguvu ya kulibeba lile lililolala bwawani. Fungueni wakati huo, ikasema, watu wa chini watapata maji ya rangi ya chai kwa siku chache, kisha fungeni, masika ijaze. Wakulima wakaitwa, wakaelezwa, wakakubali.

Milango ilifunguliwa Jumatatu, mwezi uliopita. Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda kama karatasi ya kompyuta ilivyosema, na Mhandisi alikuwa anapiga mluzi. Siku ya tatu, jua linawaka, mto ukateremka kutoka mlimani mwekundu kama matofali. Maji yaliyokwisha kushiba tope hayana nafasi ya kubeba jingine, Baba. Yale ya mlimani yakachanganyika na tope la bwawani, kukatoka mlangoni uji mzito, ukaingia kwenye mfereji mkuu wa wakulima, ukapunguza mwendo, ukaganda humo. Mhandisi akaamuru milango ifungwe. Maji ya akiba yalikuwa yameshakwenda, tope la bwawani limebaki karibu lote, na mashamba ya mwanzo wa mfereji yamefunikwa.

Kesho yake akaja ofisini mama mmoja wa tambarare, Mama Zuhura, mlimaji wa vitunguu. Alikuja na karai kichwani. Akauliza, "Mhandisi ndiye nani hapa?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Sikaribii, nimeleta mzigo." Akalitua karai la tope mezani kwake, juu ya makaratasi. "Mali yenu hii. Ilipotea ikaja kwangu. Nyingine iko shambani, leteni lori."

"Mama, pole sana. Sisi tulipiga hesabu kwa kompyuta..."

"Hiyo kompyuta iko wapi? Nataka niione uso." Mtu mmoja nyuma yangu akacheka, akanyamaza haraka. "Ulituita pale mkutanoni ukatuambia maji ya rangi ya chai. Hii ni chai? Inywe basi, tukuone. Vitunguu vyangu vilikuwa vimeshafunga vichwa, baba. Wiki tatu tu. Wiki tatu ningevuna."

Mhandisi akaanza kuyavuta makaratasi yake chini ya karai. Mimi nilikuwa nimesimama na faili mkononi, na wakati ule bado nilidhani ni bahati mbaya ya mto.

Mhandisi akaanza kutafuta kosa. Siku nyingi alikagua programu yake mstari kwa mstari, hakuona kitu. Milango ilipimwa, iko sawa. Mwisho akasema kimebaki kitu kimoja, namba za mtoni. "Yule mzee amepika namba," akasema. "Siku zenye mvua anapima kweli, siku za jua anakaa nyumbani, anajaza chupa maji safi, anaandika chochote. Haiwezekani mto huu uwe safi hivi kwenye daftari na mwekundu vile kwa macho." Madaftari yenyewe hakuyataka. Yalikuwa kwenye kabati langu, na yeye aliamini nilichoingiza ndicho kilichoandikwa. Wakubwa walikuwa wanataka jibu. Akaniambia nitayarishe barua ya kumwachisha kazi Mzee Aloisi, iwe tayari siku ya kikao, na Jumatano mimi mwenyewe nipande Uru nimpelekee wito wa kikao hicho.

Nilipanda na pikapu inayoteremsha ndizi na kurudi tupu. Nilishuka darajani mapema. Mbingu ilikuwa haina wingu hata moja, mlima umejitokeza wote, na mto chini ya daraja ulikuwa mwekundu. Nikasimama nikiutazama.

Mzee Aloisi alikuwa ndani ya maji na mabuti yake ya mpira, anasoma ubao. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye wa kompyuta? Nilidhani utakuwa na miwani."

Juu yetu, kwenye ukingo, watu wengi walikuwa wameinama na majembe ndani ya mfereji mwembamba, ule ambao wenyeji wanauita mfongo. Mifongo ndiyo inayochukua maji ya mto na kuyapitisha kwenye vihamba vyao, katikati ya migomba na kahawa. Mama mmoja aliyechafuka tope mpaka magotini akaniita kwa cheo cha machifu wao, "Mangi wa kompyuta! Vua viatu uingie! Asiyeshika jembe leo anatozwa pipa la mbege!"

"Mwacheni, huyo mgeni," Mzee Aloisi akasema.

"Mgeni hana mikono?"

Wakacheka wote. Mimi nikamuuliza mzee, "Mto una nini leo? Mbona hakuna mvua?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asubuhi jua limetoka. "Leo ni siku ya mfongo wa hapa kwetu. Jana ulikuwa wa ng'ambo. Wiki ijayo wa juu, kule kanisani. Kila mfongo una siku yake kabla ya masika. Watu wanalichimbua tope, halafu wanaufungulia maji, linasukumwa lote mtoni."

"Kila mwaka?"

"Tangu babu zangu. Wasiposafisha, masika inaupasua, inaingia vihambani mwa watu."

"Mzee, na kwenye daftari hukuandika kwamba ni siku ya mfongo?"

"Niliandika tope. Ofisi si ilitaka tope? Siku ya mfongo nani asiyeijua?"

Akachukua chupa, akaisuuza mara tatu kwa maji ya mto, akaijaza, akaiinua kwenye jua. "Hii itakuwa nzito," akasema, "mtaona wenyewe kwenye mizani." Akaifuta kwa shati lake na kubandika karatasi ya tarehe, taratibu, kama mtu anayefunga kidonda. Ndipo nikampa wito. Aliusoma midomo ikitikisika.

"Wananiitia nini?"

Nikamwambia, "Sijui, mzee."

Baba, nilimwambia sijui. Akanishukuru kwa kupanda mpaka kule, akanipa kichane cha ndizi mbivu nile njiani. Kipo hapa mezani, kimeshakuwa cheusi. Sijaweza kukila na sijaweza kukitupa.

Ijumaa niliipiga ile barua ya kumwachisha kazi. "Kutokana na kuthibitika kwamba ulikuwa ukiwasilisha vipimo visivyo vya kweli." Niliipiga bila kukosea herufi hata moja, nikaihifadhi kwenye diskete. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Nilikuwa najiambia, mzee amebakiza miaka michache, ana kihamba, ana kahawa, ana watoto wakubwa. Mimi nikitoka hapa nina nini? Nilijiambia hivyo siku nzima. Lakini nikikumbuka anavyoisuuza ile chupa mara tatu, maneno yanakatika.

Mama Sabina, mwenye nyumba wangu, aliniona jana sahani ya kiburu (ndizi na maharage) imerudi jikoni kama alivyoileta. Akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia tu kwamba nimemkosea mzee mmoja wa Uru, kosa kubwa. Akaacha kucheka. "Basi kata jani la isale pale uani," akasema, "umpelekee mkononi. Huku kwetu mtu akikujia na isale humkatalii. Hata awe amekuulia ng'ombe."

Nililifikiria sana jani hilo. Sitalipeleka. Nikimpelekea kitu asichoweza kukikataa nitakuwa nimemwamulia tena, kama nilivyoziamulia namba zake. Akitaka kukasirika, akasirike.

Kesho nitaingia ofisini mapema na madaftari yote. Nimeandika haya ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Barua ikishakuwa na jina lako juu, siwezi tena kufanya ya uongo ikabaki siri. Niombee.

*

Alhamisi.

Baba, bahasha nilikuwa nimeifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Ninapaswa kukueleza kilichotokea badala ya kukuacha na wasiwasi mpaka barua nyingine.

Jumatatu nilimkuta Mhandisi peke yake. Nikaweka madaftari mezani, nikamfungulia ukurasa mmoja wa kiangazi, nikamwonyesha na karatasi ya kompyuta ya siku hizo hizo. Aliangalia huku, akaangalia huku.

"Hii nani amebadilisha?"

"Ni mimi."

"Siku hii moja?"

"Siku zote za namna hii. Madaftari yote."

"Kwa nini?"

"Zilionekana hazikai sawa."

"Zilionekana kwa nani, Edmundi?"

Nikamweleza habari za mfongo, nikamweleza nilichokiona darajani. Aliweka mikono usoni. Mkewe ni wa huko huko mlimani, na yeye mwenyewe amezaliwa Mwika. "Mifongo," akasema. "Nimeichimba tangu mtoto. Na mimi niliangalia ule mchoro nikafurahi." Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Mzee Aloisi alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi la nje amevaa koti lake la kanisani. Mhandisi akaniambia, "Kamwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea." Nikatoka. Nilisimama mbele yake, nikamweleza yote, kwamba aliitwa kwa sababu ilidhaniwa amedanganya, na kwamba namba zake zilikuwa za kweli mpaka zilipofika mikononi mwangu, na kwamba siku ile darajani nilijua anaitiwa nini.

Kisha akasema, "Kutoka hapa mpaka darajani kwangu ni mwendo wa asubuhi moja. Ungeniuliza."

"Ndiyo, mzee."

"Ningekujibu."

"Ndiyo, mzee."

Akasimama, akafunga vifungo vya koti. Akauliza kama chupa za wiki iliyopita zimeshapimwa. Nikamwambia bado. Akasema zipimwe zisije zikaoza, na kwamba lazima awahi kurudi, kesho yake ni mfongo wa kanisani na anatakiwa darajani. Hakunipa mkono. Mhandisi alitoka akamsindikiza mpaka barabarani, wakiongea Kichagga, na nilimwona Mhandisi amevua kofia.

Siku mbili nilirudisha namba zote kama zilivyoandikwa, na safari hii Mhandisi aliketi pembeni yangu akisoma daftari kwa sauti, mimi naandika. Jana umeme ulikuwepo mchana kutwa, tukaiacha kompyuta ifungue tena milango ile ile, Jumatatu ile ile. Ikafika siku ya tatu, karatasi ikaanza kutoka. Mlangoni tope limepanda, mfereji wa wakulima umeziba, karibu pale pale kwenye shamba la Mama Zuhura. Mhandisi aliishika karatasi ile muda mrefu. "Ingetuambia," akasema. "Ilikuwa tayari kutuambia."

Sasa anataka kupanda mwenyewe kukaa na viongozi wa mifongo, apate siku zao zote, ili mwakani milango isifunguliwe mpaka wamalize. Hilo ni jema, lakini vitunguu vya mama yule haviwezi kusubiri mwakani. Jumamosi wakulima wanazibua mfereji kwa mikono, nimeomba kwenda. Jana jioni nilipomfuata Mama Zuhura nikamweleza mimi ni nani na nilifanya nini, alinitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Jembe uje nalo, sina la kukuazima."

Kuhusu mimi, ile barua ya mzee imefutwa kwenye diskete mbele ya macho ya Mhandisi. Badala yake akaniagiza niandike maelezo yangu mwenyewe, nitie saini, yeye atayapeleka kwa wakubwa na wataamua wao. Nilimuuliza kama anadhani watanibakiza. Akasema, "Sijui." Nilimsadiki. Nimeyaandika ukurasa mmoja, sikuweka kwamba mimi ni mgeni wala kwamba niliogopa.

Nipelekee shikamoo kwa Mama, na umsomee sehemu utakazoona anaweza kuzisikia, ingawa najua atazitaka zote. Shikamoo kwa Bibi, na umwambie huku kuna baridi ya asubuhi ila shuka aliyonipa inatosha. Dada Agnesi na shemeji nawasalimu, na wale mapacha wao nawabeba kwa mawazo, mmoja kila bega. Msalimu sana jirani yetu fundi baiskeli, aliyenipeleka kituoni siku ya safari. Na Mjomba, shikamoo yake iwe ya peke yake, maana yeye ndiye aliyesimama mbele ya ukoo akasema mtoto huyu apelekwe shule.

Kuna ombi moja, Baba. Siku hizi watu wengi wanarudi nyumbani kutoka mijini wakisema wamepunguzwa kazini, na hakuna anayewacheka kwa kuwa ni kweli, wamepunguzwa. Nikirudi kabla ya mavuno itakuwa rahisi sana nihesabiwe pamoja nao. Mama atataka iwe hivyo, na Mjomba hatauliza zaidi. Nakuomba usiseme nimepunguzwa. Akikuuliza mtu, mwambie mzee mmoja wa Uru aliandika ukweli kila asubuhi, na mwanao akaubadilisha bila kumuuliza.

Ni mimi mwanao, ninayekuheshimu na kukusubiri unijibu hata kama ni kwa ukali,

Edmundi.